Sabuni Kwenye Kikaango cha Mama Kijino

Kikaango cha mke wa fundi viatu kilikuwa cha chuma, kizito hivi kwamba kikidondoka, mtaa wa tatu watu wanatoka nje wakidhani ni tetemeko. Miaka kumi na miwili hakikuonja sabuni. Mama Kijino alikifuta kwa kitambaa, akakipaka mafuta, akakirudisha motoni, mpaka yai likawa linateleza humo kama linafukuzwa na polisi. Mumewe akisogea na sabuni, anaambiwa, "Weka chini hiyo, baba. Utaniua."

Mama Kijino akafa kwa homa, sabuni haimo.

Wiki ya tatu baada ya mazishi fundi alirudi kula mchana akakuta gesi imekwisha, jiko baridi, kikaango kina joto, nyumba nzima inanukia vitunguu. Akamsingizia jirani, wakati jirani yule hata maji anayaunguza.

Kesho yake kijiko kikakwaruza humo, kwaru, kwaru. Sauti ya marehemu ikaita, "Kijino, njoo ule." Binti wa miaka saba, na pengo lake mdomoni, akakimbia akakikumbatia chuma. Viganja vikababuka. Fundi akakipandisha juu ya kabati, akamfunga mtoto bandeji, na mchana uliofuata kikakutwa tena jikoni, sauti ikiita kwa upole uleule, na mtoto, bandeji na yote, analia kwamba ajapoungua ataenda tu, kwa sababu mama anamngoja.

Shangazi mtu akaleta mganga. Bibi yule alinusa mara moja, akanong'ona.

"Si mkeo. Ni jini, limelala kwenye mafuta yake, limejifunza sauti. Sugua kwa sabuni na waya. Usiguse kwa mkono mtupu."

"Na sauti?"

"Itakwenda nalo."

Fundi akasugua. Povu likatoka jeusi, na kadiri lilivyotoka akakumbuka kwamba kila tabaka ni mlo aliopikiwa, kwamba mkono wa mkewe umepita pale mara elfu mia, akautupa waya, akasugua kwa viganja, polepole, kama anayemwogesha mgonjwa.

"Weka chini hiyo, baba," kikaango kikasema. "Utaniua."

Alilia ndoo mbili. Hakuacha.

Jioni nyumba ilikuwa kimya. Kijino akauliza mbona mama haiti. Baba akamshika mkono, mtoto akauchomoa.

"Baba, unaunguza."

Fundi akanusa viganja vyake. Vitunguu.

Siku hizi anamvusha barabara kwa kushika kamba ya begi la shule.