Unga Ndani ya Rejeta

Kila asubuhi kabla ya shule, Adoyo alimpelekea baba yake debe la maji. Ilikuwa mwaka wa 1934, na baba yake, Okeyo, aliendesha lori kuukuu katika shamba la chai karibu na Litein. Lori hilo lilikunywa maji kama ng'ombe. Hata hivyo Okeyo alilisifu kutwa kucha. Ungemsikia, ungedhani alilizaa yeye.

Rejeta, chombo cha maji ya kupoza injini, ilipoanza kuvuja, Okeyo alitia unga wa mahindi ndani yake. Unga uliiva kwa moto wa injini, ukaziba tundu.

"Usimwambie mtu," alimwonya binti yake. "Wakubwa wakijua, wataleta lori jipya. Gia zake ni nyingine, mimi sizijui. Watatufukuza hapa."

Ijumaa alikuja fundi Muturi kulikagua lori. Kesho yake lilipaswa kuwapandisha wachuma chai ishirini hadi shamba la juu, na Wilkista, mama yake Adoyo, alikuwa mmoja wao.

"Rejeta iko sawa?" Muturi aliuliza.

"Sawa kabisa," Okeyo alijibu.

Adoyo alilitua debe lake, akamfikiria mama yake juu ya lori hilo. Alimpenda baba yake, tena alimwogopa. "Fundi," alisema, "kuna unga ndani."

Okeyo aligeuza uso. Muturi alifungua mabomba ya rejeta. Unga ulikuwa umeganda humo, mgumu kama ukoko wa ugali, na maji hayakuweza kupita.

"Kesho injini ingechemka na kuzimika mlimani," Muturi alisema polepole, "na breki hizi haziwezi kulizuia lori lenye watu ishirini lisirudi nyuma. Mzee Okeyo, hata walioitengeneza injini hii wameiacha. Inachemka mlimani, inakula petroli, handeli ya kuiwashia inavunja watu mikono. Waliona makosa yake, wakaunda nyingine yenye nguvu zaidi. Hawakuidharau ile ya kwanza; walijifunza kwayo."

"Na mimi je?"

"Wewe utakaa kando yangu mwezi mmoja, ujifunze upya gia za lori jipya."

Okeyo aliketi chini, akafuta machozi bila kuona haya. Adoyo alingoja kugombezwa.

"Mwanangu," baba yake alisema, "niliipenda injini, nikawasahau watu ninaowabeba. Ukiona hatari, sema, hata kama anayekosea ni baba yako."

Jumamosi wachuma chai walipanda mlima kwa miguu. Okeyo alitembea nao, amebeba kikapu cha mkewe. Wote ishirini walifika.