Baba Anayekoroma

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, darasa letu hutengeneza kijarida. Tunasogeza madawati, tunakunja karatasi katikati, tunazibana kwa stepla, na vidole vinanata gundi mpaka jioni. Mwalimu wa maktaba alituwekea sheria moja tu: hakuna alama wala kalamu nyekundu. Andika unachotaka, unavyotaka.

Wananiita Kimya kwa sababu darasani sinyooshi mkono. Ila kwenye kijarida huandika mpaka mkono unauma. Wiki ile niliandika habari za baba, fundi viatu, ambaye alikuwa amelazwa hospitali. Niliandika hivi: “Baba anakoroma mpaka sufuria zinatikisika. Mama anampiga kiwiko, halafu anageuka, halafu anaanza upya. Tangu alazwe nyumba imenyamaza, halafu mimi silali. Baba, rudi ukorome.” Ijumaa hiyo ndiyo aliyokuwa anarudi nyumbani, nami nilitaka kumpa kijarida mkononi.

Kazi ya kupanga kurasa na kumpelekea karani wa shule atoe nakala ilikuwa ya Profesa, jirani yangu wa dawati, mwenye hati nzuri na maneno mengi. Nakala ziliporudi zikiwa bado na joto la mashine, nilifungua ukurasa wangu. Nikasoma: “Baba yangu mpendwa hulala kwa utulivu mithili ya malaika.” Chini yake, jina langu.

Damu ilinichemka. “Profesa! Nani kaandika huu upuuzi?”

Wote waligeuka. Hawakuwahi kunisikia nikipaza sauti.

“Nimekusaidia tu,” alisema Profesa. “Kila mstari halafu, halafu! Na mambo ya kukoroma, jamani? Unamwaibisha baba yako.”

“Baba ni wako au wangu? Baba yangu hajalala kama malaika hata siku moja!”

Wenzetu waliangua kicheko, nami nikazidi kuwaka. Nilichana kijarida vipande viwili, nikashika kingine. Mwalimu wa maktaba akanidaka mkono.

“Kiache hicho, mwanangu. Humo mna kurasa za wenzako ambao hawajakukosea.”

“Leo baba anarudi, mwalimu! Nimpe nini? Uongo?”

Mwalimu aliusoma ukurasa ule, akamgeukia Profesa. “Alichoandika mwenyewe kiko wapi?”

Profesa alionyesha kapu la taka kwa kidevu. Hapo nusura nimrukie.

“Kautoe,” mwalimu alimwambia.

Alichakura kwenye maganda ya penseli, akautoa ukurasa wangu umekunjamana vibaya. “Lakini wangu ni mzuri zaidi, mwalimu,” alinong'ona.

“Basi ungeweka jina lako. Kuandika maneno yako na kuweka jina la mwenzako chini yake si msaada, ni uongo, hata hati iwe nzuri namna gani. Yeye amesema alichokisikia nyumbani kwao. Wewe ulikuwepo?”

“Hapana, mwalimu.”

Karani alitoa nakala za ukurasa wangu, mikunjo yote ikionekana. Profesa akapaka gundi na kuubandika juu ya malaika wake katika kila kijarida, huku wenzetu wakienda nyumbani. Sikumsaidia. Alipomaliza alinipa kimoja, akasema, “Nisamehe, Kimya. Ningekuuliza kwanza.” Nilimwitikia, lakini hasira ilikuwa bado haijaniisha.

Nyumbani nilimkuta baba kwenye kiti chake, amekonda, shati linampwaya. Alisoma polepole. Kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

“Mama watoto, njoo uone! Kumbe kelele zangu zina anayezikumbuka!”

“Na kiwiko changu kakitaja, huyu mtoto!” alisema mama.

Nilimsimulia baba kuhusu malaika. Alifuta macho, maana yalikuwa yamelowa. “Ningesoma hayo, ningedhani umeandika habari za baba wa jirani. Endelea kuandika hivi hivi, mwanangu. Ukweli wako usimwachie mtu mwingine akuandikie.”

Muda si muda alisinzia, kijarida kifuani. Akaanza. Sufuria jikoni zikatikisika. Mama alimsogelea na kiwiko tayari, nami nikamshika mkono.

“Mama, leo mwache.”