Mbega Aliyesingiziwa

Kila Jumamosi asubuhi Prisca hupanda dungu la shamba lao, huko Kilolo, na kugonga debe ili kufukuza wanyama waharibifu. Jumamosi ile alikuwa amegonga mara tatu tu aliposikia mbwa wakibweka msituni na watu wakishangilia. Debe likamponyoka. Alijua wanawinda nini, na alijua kwa nini.

Wiki iliyotangulia, ngedere walikula mistari minne ya mahindi wakati yeye ameshuka kucheza rede na wenzake. Baba yake, Mzee Liberatus, alipouliza, Prisca alijibu upesi, "Ni wale mbega wekundu, baba. Walikuwa wengi, wakanishinda." Mbega walikuwa pale juu ya miti wakitafuna majani yao, basi uongo ukaja kirahisi.

Sasa alikimbia hadi ukingo wa msitu, walipokuwa baba yake na majirani. Mbega mmoja alikuwa amelala chini, amekufa, mikono yake myembamba imenyooka. Wenzake walikuwa wamejibana juu ya mti, na mbwa walikuwa wakiuzunguka.

Bwana Jailos, afisa misitu, alifika akihema. "Mzee Liberatus, mmefanya nini? Huyu ni mbega mwekundu wa Iringa! Amepewa jina la kwetu kwa sababu haishi kokote duniani ila misitu ya milima hii na ya jirani. Wamebaki wachache. Hili nitaliripoti wilayani."

"Jina halijazi ghala," Baba alisema. "Mahindi yangu yako wapi?"

"Yako humo tumboni!" jirani yao Dastan akacheka. "Mpasue, afisa, utakuta na ugali!"

Bwana Jailos hakucheka. Alichukua kisu, akampasua taratibu. Tumbo lilikuwa limejaa majani mabichi. Hapakuwa na hata punje moja. "Chakula chao ni majani, si mahindi," alisema.

"Basi huyu hakula," Dastan akasema, safari hii bila kucheka. "Lakini wale wa juu je? Leteni shoka."

Baba akamgeukia binti yake. "Prisca, si uliwaona?"

"Labda... labda niliona vibaya," alinong'ona. Shoka likaanza kulia kwenye shina, Bwana Jailos akikataza bila kusikilizwa. Juu, kitoto cha mbega kikalia.

"Acheni!" Prisca alipiga kelele. "Sikuona kitu! Nilikuwa nacheza rede. Walikula ngedere, mimi nikawasingizia hawa!"

Shoka likanyamaza. Baba aliwapigia mbwa mluzi mpaka wote wakarudi, akawafunga kamba. Kisha alichuchumaa kando ya yule aliyekufa.

"Ungeniambia ukweli, mwanangu, ningekugombeza kidogo, na jioni tungekula pamoja yakaisha," alisema. "Uongo wako umeua asiye na kosa, na mimi niliachia mbwa kabla ya kuuliza mara ya pili. Tumekosa wote wawili. Na yeye hatuwezi kumwomba radhi."