Aliyemwitikia Kitavi

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupita msituni nyuma ya Barabara ya Ngong kabla giza halijaingia, kung'oa mitego ya waya ya majangili, kisha kurudi getini. Kiilu na Kitavi walikuwa wakisomea uaskari wa wanyamapori, marafiki toka utotoni huko Machakos, na sheria ilikuwa waingie wawili, watoke wawili. Lakini Kitavi naye, sikio la kufa! Mpenzi wake, Beryl, alikuwa akimngoja kwenye maduka ya Adams Arcade, akaona achomokee upande wa pili wa ua wa msitu.

"Afande akiita jina yangu, niitikie," alinong'ona. "Usinichome, buda."

Kiilu akacheka. Shuleni walikuwa wakiitikiana hivyo kila siku na hakuna aliyedhurika.

Getini kiza kilishatanda. Afande Hezekiah, mkufunzi wao, akaanza kuita majina ya wanafunzi wote. Asiyeitika, wote wangerudi ndani kumtafuta mpaka apatikane.

"Kitavi."

Kiilu akaigeuza sauti. "Niko, Afande."

Msitu ukanyamaza. Vyura, wadudu, hata magari kule barabarani... kimya. Ikaja harufu ya majani yaliyooza na damu mbichi. Kisha kitu kikavuta pumzi karibu na sikio lake. Polepole...

Akageuka.

Hapakuwa na mtu.

Hawajamaliza hata kula chajio, Beryl akampigia Kiilu simu kuuliza mbona Kitavi hajafika. Afande alikuwa meza ya pili tu, angemwambia. Lakini kusema ni kufukuzwa chuoni, na nyumbani walishauza ng'ombe ili asome. Akajidanganya kwamba jamaa kapitia kwingine. Alilala na hatia kifuani, na usingizi haukuja.

Asubuhi askari wa doria wakampata Kitavi kando ya ua, mguu umenaswa kwenye waya. Alikuwa hai, macho wazi, lakini hakumjua mtu wala kutamka neno.

Mamake akaja hospitalini kutoka Machakos. Afande alimwapia kwamba kijana aliitika getini, alimsikia kwa masikio yake. Mama akauliza nani aliitika, kwa maana mwanawe alikuwa bado ndani ya msitu. Kwao, akasema, jua likishazama hakuna anayeitikia jina la mwenzake. Ukimwitikia, huko nje anahesabiwa amerudi, na msitu unajua hakuna atakayekuja kumdai.

Kiilu, aliyesimama kando ya kitanda, alitazama sakafu. Aibu ilimchoma hadi machozi yakamlengalenga. Leo nitasema, akaapa moyoni, wanifukuze wakitaka.

Mama akainama juu ya kitanda.

"Kitavi, mwanangu."

Midomo ya Kitavi haikutikisika.

"Niko, mama."

Ilikuwa sauti ya Kitavi yenyewe, na ilitoka kooni mwa Kiilu.

Akauziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akageuka. Kisha akamshika mikono, akaiteremsha taratibu, huku akilia.

"Uko wapi, mwanangu?"

Kiilu aliuma meno kwa nguvu zake zote. Mdomo ukafunguka tu.

"Msituni, mama. Namwita Kiilu... haitiki."