Muhuri Usio na Pengo

Mwili wa Bibi Ubukata Tome ulikutwa asubuhi, umeketi mbele ya meza ya kupashia miguu joto. Meza yenyewe ilikuwa baridi.

"Tumboni mna karatasi tu," daktari wa polisi alisema.

"Karatasi?" Inspekta Kuwabara Setsu hakuamini masikio yake.

"Karatasi, Inspekta. Chakula hajakigusa siku kumi hivi."

Jirani wa marehemu, Chie, alikuwa akilia mlangoni. "Nilimwambia, Bibi, rudi ofisi ya ustawi wa jamii ukawaulize! Akanicheka. 'Nimeshaomba msaada, Chie. Wale wana adabu, hawawezi kunisahau.'"

Katika ofisi ya ustawi, mkuu wa kitengo, Bwana Shiraishi, aliandaa chai kwanza, kisha akafungua jalada la marehemu.

"Aliondoa ombi mwenyewe, tarehe tisa Februari. Muhuri wake wa sahihi huu hapa. Wazee wetu wana haya, Inspekta. Hawapendi kuwa mzigo."

Kuwabara alitoa kwenye mfuko wa vielelezo muhuri uliokutwa katika madhabahu ya nyumbani mwa marehemu, ule aliotumia kutia sahihi maisha yake yote. Akaugandamiza kwenye wino mwekundu, akaupiga kando ya ule wa fomu.

"Wa bibi una pengo ukingoni. Huu wa fomu ni mzima."

"Huenda alikuwa na mwingine..."

"Hati ya upekuzi ninayo. Fungua droo."

Droo ilifunguka. Mihuri thelathini na miwili ililala humo, imepangwa kwa majina ya ukoo.

"Mungu wangu," konstebo aliyefuatana na Kuwabara alinong'ona.

Shiraishi aliinamisha kichwa. "Niliichongesha mimi. Fomu za kujiondoa nilizijaza mimi. Sikuiba kitu, Inspekta! Wizara husifu ofisi ambayo maombi yake yanapungua. Yetu yalipungua kuliko zote. Wakaja kujifunza kwetu. Utaratibu wangu umefanywa mwongozo wa nchi nzima, unaanza Jumatatu. Ningewaambiaje kwamba..."

"Kwamba wenye njaa hawakupungua?"

Kuwabara alinyoosha kidole kwenye droo.

"Hawa wengine thelathini na mmoja wako hai?"

"Sijui. Jalada likishafungwa, hatumtembelei mtu."

Kuwabara alitazama mihuri ile, jina baada ya jina, kisha akashika redio.

"Leteni magari yote mliyo nayo," alisema. "Na uji wa moto."