Mdomo wa Mgombea Mwenza

— Unaanzia macho au mdomo?

Rangi, mchoraji wa picha za ukutani, aligeuka juu ya ngazi, brashi ikimdondoshea chokaa kiatuni. Chini alisimama mchumba wake, Fundi mshonaji, futikamba shingoni.

— Nimeagizwa, Fundi. Mgombea wetu abaki ukutani, mwenza wake afutwe. Chama kinajipanga upya.

— Wameshindwa uchaguzi wawili, anafutwa mmoja.

— Ni agizo la wakubwa.

— Na yale ya jana tawini, nayo uliagizwa?

Rangi aligeukia ukuta. Jana, yeye mwenyekiti wa tawi, alisimama akasema chama kinachohubiri familia hakikupaswa kumsimamisha mwanamke asiye na mume kuwa mgombea mwenza. Watu walicheka, wakapiga makofi. Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikaa Fundi, umri umeshapita arobaini, hajawahi kuolewa, sura ya mgombea mwenza ikiwa kwenye fulana yake. Ndiye aliyewaongoza wanawake wa mtaa nyumba kwa nyumba kumwombea mama yule kura.

— Sikukusema wewe, mpenzi.

— Ulinisema mimi.

— Wewe una mume. Mimi hapa.

— Bado. Na koti lako la harusi ninalolishona litabaki hivyohivyo, bila mikono.

Akaondoka.

Wiki ile, wanawake walewale walileta fulana zao dukani kwake.

— Shoga, kata hiyo sura, unishonee foronya, alisema jirani yake.

— Si mlimlilia jukwaani?

— Tulimlilia. Sasa acha tumlalie.

— Hii sikati.

— Basi utabaki naye peke yako.

Na kweli alibaki. Kazi zilipungua, cherehani ikanyamaza. Jioni alipakua chakula cha watu wawili, chake na cha Rangi, kwa mazoea, kisha akairudisha sahani moja jikoni. Akapiga magoti kati ya meza na kitanda.

— Bwana, sikuombi tena ushindi. Nipe mtu wa kukaa upande wangu, hata akiwa mmoja.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe wa Rangi:

"Mdomo nimefuta. Macho yamenishinda. Yananitazama kama ulivyonitazama siku ile."

Aliusoma mara mbili, akaizima simu. Alilala akilitazama lile koti lililotundikwa ukutani.

Jumapili, akitoka ibadani, alikuta watu wamesimama barabarani wakinong'ona. Rangi alikuwa juu ya ngazi. Sura ya mgombea mwenza ilikuwa imerudi nzima.

— Mwenyekiti, wakubwa wakiiona hii? aliuliza Fundi.

— Wameshaiona. Na mimi si mwenyekiti tena. Jana nilisimama palepale tawini, nikafuta kauli yangu. Wakanivua cheo.

— Walisema nini?

— Walicheka. Safari hii walinicheka mimi. Ndipo nikajua ulikaaje kule nyuma. Nisamehe, Fundi.

Fundi alisogea karibu na ukuta. Aliinua uso. Macho yalikuwa ya yule mama, yaleyale. Lakini mdomo ulikuwa mwembamba, na pembeni yake kulikuwa na kidoti cheusi. Akajigusa pembeni ya mdomo wake mwenyewe.

— Huu mdomo si wake.

— Najua. Picha zake zote wakubwa walizibeba. Nimechora mdomo ninaoukumbuka.

— Umenisimamisha bila kuniuliza.

— Ndiyo. Na kura unayo moja. Yangu.

Fundi alitazama pembeni kidogo, akafuta macho kwa kiganja. Moja. Ndiyo aliyoiomba. Akafungua mkoba, akatoa futikamba, maana haimtoki hata siku ya ibada.

— Shuka. Nyoosha mkono.

— Wa nini?

— Unataka kuoa na koti lisilo na mikono?

Rangi alishuka, akanyoosha mkono, rangi mbichi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Fundi alianzia begani, akapima taratibu, mbele ya watu wote.