Neno la Mwanamvua Bombani

Enyi watu wa Ujiji, na nyie wa Kidahwe mnaoshuka na mihogo yenu, sogeeni. Nina habari ya nyumba moja, na msiisikilize kama umbea wa jirani. Ni yetu sote.

Miaka ile boti zilipokuwa zikileta wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, Bibi Hadija alikaa Ujiji na mjukuu wake Mwanamvua, aliyemlea tangu mama mtu afariki. Mwanamvua alikuwa akisoma chuo kikuu mjini Kigoma. Bibi akamkaribisha pia mwanafunzi mwenzake, Skolastika, binti wa Kiha kutoka Kidahwe, akampa chumba cha uani. Jioni walikaa barazani watatu, wakichambua mchele na kucheka bibi akisimulia visa vya ujana wake. Nyumba ilikuwa na raha.

Chuoni palikuwa na Mwalimu Rodgers, mgeni wa mkoa, mfundisha saikolojia. Alikuwa akiwachunguza wanafunzi: nani mpole na nani mtaka ukubwa, nani ametulia na nani ana wasiwasi. Kisha akawauliza wanawaonaje wakimbizi. Mwanamvua alijibu kwamba yeye hana wivu wala hambagui mtu, tena alijibu upesi, hata kichwa hakukuna. Mtu wa hivyo mwogopeni.

Majibu yaliposomwa darasani, ikaonekana wengi waliojiita wema ndio waliosema hawawezi kulala chumba kimoja na mkimbizi. Mwalimu akaeleza kwamba mara nyingi anayehofia nafasi yake ndiye anayemchukia mgeni zaidi. Mwanamvua akatikisa kichwa, akiwasikitikia wenzake.

Sasa mwalimu alitaka msaidizi wa utafiti, na kila mtu alijua atakayeshika kazi ile ndiye atakayeajiriwa chuoni akimaliza. Mwanamvua alikwisha jiona kitini. Akachaguliwa Skolastika, kwa kuwa watu walimfungukia bila kujificha.

Siku ile bibi akapika wali na mgebuka. Kipande cha mgongo, kile kinono, akamwekea Skolastika. Akasema, "Kula, mjukuu wangu, umetutoa kimasomaso." Mwanamvua akaambulia mkia. Jamani, kipande cha samaki tu! Lakini mwenye kijicho hana jambo dogo. Alimtafuna yule samaki kama anatafuna msumari, na lile neno "mjukuu wangu" halikumshuka kabisa. Mjukuu ni yeye, yule ni mpangaji.

Tangu hapo kila alilofanya Skolastika lilimchoma. Akifagia uwanja kabla ya kuambiwa, anajipendekeza. Akipiga makofi kwa adabu ya Kiha anapomwamkia bibi, anaigiza. Na bibi akicheka, Mwanamvua anajifungia chumbani na kuumia.

Siku moja wasichana hao wawili wakiwa ufukweni Bangwe wakakutana na mama mkimbizi, mtoto wake ana homa kali, hajui pa kwenda. Skolastika akasema naye, wakaelewana, akampeleka zahanati. Nyie mnajua kwamba Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, Muha na Mrundi hawahitaji mkalimani. Mwanamvua naye alijua vizuri, kazaliwa hapa hapa. Lakini kesho yake, bombani chuoni, akamsogelea Evaline, ambaye wazazi wake walihamishiwa Kigoma kikazi na mambo ya huku hakuyajua.

"Kumbe Skolastika ni Mrundi," akamnong'oneza. "Nimemsikia jana kwa masikio yangu, anaongea na wenzake."

Aliteua sikio lisilojua. Uchunguzi wa mwalimu ulikuwa umemwonyesha chuki ilikolala, naye akaenda kuiamsha.

Neno likakimbia chuo kizima. Wanafunzi wakamhama Skolastika benchi, wakaacha kula naye. Mwalimu Rodgers akamtetea, asisikilizwe, na binti akasimamishwa masomo hadi uraia wake ujulikane. Mwanamvua nyumbani akampa pole, akala naye sahani moja.

Asubuhi moja maofisa wa uhamiaji wakafika Ujiji kumuuliza Skolastika. Bibi Hadija akajitanda kanga akatoka.

"Huyu ni mtoto wa Leonardi wa Kidahwe," akawaambia. "Na kama kujua lugha ya ng'ambo ni kosa, nianzeni mimi. Mimi nimezaliwa Uvira, huko Kongo, nimevuka ziwa mgongoni kwa mama yangu."

Mwanamvua, aliyesimama mlangoni, hakuwa amewahi kulisikia hilo. Bibi akaulizwa uthibitisho, akawa hana. Ujiji ya zamani nani alimdai mtu uthibitisho, na nusu ya mitaa yetu wazee wake walivuka maji yale yale? Wakachukuliwa wote wawili.

Skolastika alitoka siku hiyo hiyo, baba yake alipokuja na mwenyekiti wa kijiji. Bibi akabaki, maana waliomjua mama yake walikwisha zikwa. Ilibidi Mzee Mwinshehe, mgonjwa wa kitandani, abebwe akaape kwamba walikua mtaa mmoja tangu kabla ya uhuru. Ndipo akaachiwa.

Bibi alirudi amekonda. Skolastika akampigia goti, akamshukuru, akafunga virago vyake akarudi kwao Kidahwe. Evaline alikuwa amekwisha mwambia neno lilikotoka. Skolastika hakumsemesha Mwanamvua, wala kwa bibi hakumtaja.

Bibi aliyezoea kuimba nyimbo za kwao akipika, sasa akapika kimya. Akamwita Mwanamvua chumbani, akashusha sauti.

"Mjukuu wangu, wakikuuliza chuoni, sema mimi ni jirani tu niliyekulea. Usiniite bibi mbele za watu, nisije nikakuponza."

Mwanamvua alitaka kusema kwamba ni yeye aliyelianzisha neno lile. Mdomo ukafunguka, neno likagoma. Akaangua kilio. Bibi akamvuta kifuani, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga na kumbembeleza, akidhani mtoto anamwonea huruma.

FUNZO

Ndugu zangu, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukimwita mwenzako mgeni ili ukae kwenye kiti chake, hujui mkono ule utamshika nani mwingine ndani ya nyumba yako. Usijipime wema wako kwa maneno unayojibu darasani. Jipime siku mwenzako anapopewa ulichokitaka wewe. Na ukishakosa, sema mapema, aliyeumia angali hai. Mwanamvua mpaka leo hajasema, na Bibi Hadija bado anaogopa kuitwa bibi barabarani.